Magari Kumi na Moja ya Gunvor

Gunvor Nordlander anastaafu Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, baada ya miaka arobaini na mmoja kiwandani kwetu. Alianza ukumbini, akiunganisha magari ya kijeshi yanayotembea kwa minyororo badala ya matairi, na anamalizia idara ya huduma, ambako tunatimiza ahadi ya kiwanda: gari likishauzwa, tutalitunza mpaka jeshi lenyewe lilichoke.

Mafundi wa kambini walimpigia simu yeye. Sixten, fundi mkuu wa kikosi cha kaskazini, anazo nyingi za kusimulia.

"Mnyororo umechomoka tena, Gunvor, na nimeukaza kama kitabu kinavyosema."

"Namba ngapi hilo?"

"Kumi na saba."

"Basi achana na kitabu, mzee. Legeza upana wa vidole viwili, kisha kanywe kahawa."

Januari tulianza kuandika anayoyajua kabla hajaondoka, maana mkataba unatufunga hadi 2040. Tukachanganyikiwa. Kumi na saba legeza, kumi na nane kaza, kumi na tisa legeza. Na yote ni ya mchoro mmoja. Kompyuta ilikataa maelekezo mawili kwa mchoro mmoja. Tukadhani umri umeanza kumchezea. Naomba radhi, maana mimi ndiye niliyelisema kwanza.

Aprili, tukila keki, alitueleza. Septemba 1986, wiki ya kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa misitu ya kaskazini, kiwanda kilibaki kitupu kama kila mwaka. Yeye na mwenzake, ambaye sasa ni marehemu, waliachiwa mstari wa kuunganisha magari ya namba witiri. Magurudumu ya kuzungusha mnyororo yakawaishia, wakafunga ya muundo wa zamani, yanayotaka mnyororo uliolegea, kwenye magari kumi na moja. Karatasi ya mabadiliko ilimngoja msimamizi aitie sahihi. Msimamizi alirudi na nyama, akatugawia sote, hata mimi mgeni wa wakati ule, na karatasi ikasahaulika.

"Niliona haya kusema," alisema Gunvor, "na kila mwaka haya ikazidi. Nikaona afadhali niwe napokea simu."

Kwa hiyo hatujui vizuri tunamshukuru kwa ustadi au kwa kosa. Labda kwake vilikuwa kitu kimoja.

Mwezi uliopita alizunguka kambini na kopo la rangi ya njano, akatia alama magari kumi, ili fundi asihitaji kumuuliza mtu. La kumi na moja halionekani. Orodha inasema liko kwa Sixten. Sixten anaapa halijui.

Gunvor, asante. Nenda ziwani kwako, ukapumzike vyema. Likipatikana tutakupigia, kukuarifu tu. Pokea ukiwa umekaa.