Yai Lisilo na Ukoo

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu!

Mimi ni Skola, mwalimu wa kule Mbinga, niliyeolewa na Erasto, mtoto wa hapa kwenu Liuli. Miaka yote ya ndoa tulikuwa wawili tu mezani. Daktari alituambia wazi kwamba mayai yangu yamekwisha, ila kizazi ni kizima. Nikikubali yai la mwanamke mwingine, lirutubishwe kwa mbegu za mume wangu, naweza kubeba mimba. Akina baba, msiiname! Ni yai tu nimetaja.

Tukapanda basi kwenda Dar es Salaam. Kliniki ya kwanza walituahidi mtoto kwa uhakika, hata mapacha tukitaka. Nikauliza mchangiaji wa yai amepimwa magonjwa gani, wakanionyesha picha za watoto wanene ukutani. Nikamvuta Erasto mkono tukatoka. Kliniki ya pili daktari alisema, "Mama, inaweza isishike." Huyo nikamwamini. Akatueleza vipimo vya mchangiaji, kimo chake, afya ya wazazi wake. Nikauliza, "Ni wa ukoo gani?" Akashangaa. Jina na ukoo hawatoi.

Ndugu zangu, hapo ndipo amani iliponitoka! Kwetu Umatengo mchumba hapokelewi kabla wazee hawajauliza ni wa akina nani. Sasa mimi nibebe damu ya nani? Nikaomba muda, tukarudi nyumbani Mbinga. Silali, sili. Sokoni nawakodolea macho mabinti wa watu: huyu wa akina Komba, yule wa akina Ndunguru, je, yule wa yai langu? Nikiomba, maombi yanakatika katikati. Erasto akasema, "Mke wangu, kwa mawazo haya utakuja kuanua kahawa haijakauka." Na kweli niliianua!

Nikashuka Liuli kwa mama mkwe. Nilimkuta anaanika usipa. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwaga yote. Hakuacha kugeuza samaki wake. Kisha akauliza, "Mwanangu, mimi ni wa ukoo gani?"

Nimekula kwake, ameniuguza, namwita mama, na ukoo wake siujui!

"Hata mimi siujui," akasema. "Nilivushwa ziwa nikiwa mchanga, aliyenizaa akafia mtumbwini. Mwanamke wa hapa akanifunga mgongoni. Huyo ndiye mama yangu. Na huyo Erasto uliyempenda ametoka kwangu."

Nililia pale pale kwenye usipa. Jibu langu Bwana alikuwa ameliweka katika nyumba ile tangu siku niliyoolewa!

Tukarudi kliniki. Mara ya kwanza haikushika, kama daktari alivyosema. Ya pili imeshika. Haleluya! Bado sijajifungua, na siwezi kudanganya mbele ya madhabahu: wasiwasi upo. Mtoto akitulia tumboni, namgusagusa aamke. Lakini ile hofu ya ukoo imeondoka.

Mama yupo benchi la mbele, ndiye aliyeniruhusu kusema haya. Asante, mama. Nawe unayehangaika, mtumaini Bwana, na daktari muulize yote bila aibu. Mtoto huyu akija kuniuliza yai lake lilikuwa la ukoo gani, nitamwambia: sijui, mwanangu. Nenda kakae na bibi yako. Yeye naye ukoo wake haujui, na sote tunamwita mama.