Saa ya Jua ya Marehemu Mashimba

Sogezeni viti, Alexander na wewe Hellen, mkae karibu na kichwa changu, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mlangoni. Habari ya nyumba na ya shamba la Busisi mmeshaisikia mbele ya wazee, siirudii. Leo nataka kusema juu ya hii saa ya mkononi iliyoko dirishani.

Alexander, juzi uliniambia ni mali, na ulisema kweli. Harish, fundi saa wa mjini, aliniambia hayo hayo: saa hizi zinazokula mwanga wa jua kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani, na sasa biashara ya nje imefunguliwa, saa za bei rahisi zimetandazwa kwenye maturubai pale Buzuruga, watu wametupa zile za zamani, ndiyo maana wako wageni wanaozikusanya na kuzitafuta kwa udi na uvumba. Ukaniuliza niliipata wapi, nikajifanya nimelala. Sikuwa nimelala, mwanangu. Niliona aibu.

Saa hii ni ya mdogo wangu Mashimba. Wenzake wa kivuko cha Busisi walimpa siku alipoagwa kazini, jina lake likiwa limechorwa mgongoni mwa saa. Akiwa hai niliiazima kwake nikawaonyesha watoto wa darasa la tano. Niliifungia ndani ya kopo mpaka tarakimu zikapotea, kisha nikaiweka juani, ikaamka, na darasa zima likapiga makofi. Binti yake, Rebeka, alikuwa dawati la mbele.

Baadaye Mashimba akaugua miezi mingi, na saa ikakaa gizani sandukuni. Tulipoketi kuanua matanga na kugawa vitu vyake, ilitolewa haina hata tarakimu moja. Mkubwa wa ukoo ni mimi, mwalimu ni mimi, wote wakanitazama. Nikasema imekufa, haitengenezeki. Mjane wake, Dorotea, akasema, "Shemeji, kama imekufa, si tungemzika nayo." Nikamjibu kwamba nitaitunza iwe kumbukumbu. Hapo Rebeka akanyoosha mkono, kama nilivyomfundisha mwenyewe, akasema, "Baba mkubwa, kwa nini tusiiweke juani?"

Nikamwambia mtoto hasemi wazee wakiwa wanasema. Mama yake akamtoa nje kwa kumshika sikio.

Wanangu, nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na mtoto niliyemwadhibu kwa jibu sahihi ni huyo mmoja, damu yangu mwenyewe. Tangu siku ile Rebeka hakunyoosha mkono tena darasani kwangu, hata pale nilipomwona usoni kwamba anajua.

Nami nilipata nini? Kuivaa sikuweza, ingeonekana. Nilikuwa naitoa juani Jumapili nyinyi mkiwa kanisani, nikisingizia mgongo. Kisha tamaa ikanituma nikalisugua jina la mdogo wangu kwa msasa, nikaipeleka kwa Harish nikisema ni yangu. Akaigeuza, akasema, "Mwalimu, hawa wanaokusanya wanaitaka saa kama ilivyotoka. Aliyekwangua hapa ameimaliza." Hakuniuliza zaidi. Afadhali angeuliza.

Basi msiiuze, hata mkiambiwa bado ina thamani kidogo. Mpelekeeni Rebeka kule Kiseke, mchana kweupe, mama yake akiwepo, na waiteni wote waliokuwa kwenye matanga yale ambao bado wako hai. Hellen, wewe ndiye useme, maana kaka yako atatafuta maneno ya kunisitiri, nami sitaki kusitiriwa. Usiseme baba alikosea. Sema baba alijua. Rebeka akiivaa, sawa. Akiitupa ziwani, msimshike mkono.

Nipeni maji kidogo... Inatosha.

Mungu awakuze, wanangu. Awape watoto wenye kuuliza, na awape masikio ya kuwasikiliza. Msigombane juu ya shamba. Mama yenu msimwache peke yake.

Hellen, pazia usilivute. Iache... iache ipate mwanga mpaka mtakapoondoka nayo. Na Rebeka, ukishamkabidhi, mwambie mwalimu wake ametuma neno. Mbele ya watu wote, mwambie. Jibu lake lilikuwa sahihi. Lilikuwa... sahihi.