Kiroba cha Mchanga na Kiti cha Mtoto

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka seremala aliyetengeneza kiti kirefu cha kulishia mtoto, ambacho hata mzazi wa kipato kidogo alikimudu. Tulimwita Fundi Kiroba.

Jina lilitokana na kiroba chake cha mchanga, kizito kama mtoto wa mwaka mmoja. Kila kiti alichomaliza, alikalisha kiroba juu yake, kisha akakisukuma kiti kwa kiwiko. Kikiyumba, alikivunja. Binti yake anasema: "Mama alikuwa akimtania, 'Mume wangu, hicho kiroba unakilea kuliko ulivyowalea wanao.'"

Alianza baada ya mjukuu wake kuteleza kwenye kiti cha kununua na kubanwa shingo. Mjukuu alipona. Babu hakupona. Ndipo akaunda chake: miguu iliyopanuka chini, na mkanda unaopita katikati ya mapaja ya mtoto. Miguu mipana, mkanda katikati. Basi.

Kisha kiwanda kimoja kikakiiga. Kikabana miguu ili viti vingi zaidi vienee kwenye lori. Kikaondoa mkanda. Kikapaka rangi nzuri. Fundi alipokwenda kuwaonya, aliishia getini. Mlinzi akamwambia, "Mzee, huo wivu wa biashara. Nenda kapumzike."

Na sisi tulisema hivyo hivyo. Mimi, miaka minne iliyopita, nilinunua kile cha rangi. Mwanangu akaanguka nacho, akavunjika mkono. Nikaenda kumfokea nani? Fundi Kiroba, maana mtaani viti vyote vya aina ile viliitwa vyake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kesho yake alikuja kwangu na msumeno na mbao, akapanua miguu, akafunga mkanda, akaondoka. Sikumwomba radhi.

Alifariki wiki iliyopita. Msibani, kiwanda kilileta kiti kipya, zawadi kwa kitukuu wake. Mjane aliingia ndani. Alileta kiroba, akakikalisha, akasukuma kwa kiwiko. Kiti kikaanguka mbele ya waombolezaji.

"Rudini nacho," alisema. "Kiroba kiacheni."

Kwa mjane, binti na wajukuu: poleni sana. Radhi ninayoomba imechelewa miaka minne, na aliyestahili kuisikia hayupo.

Nawe unayenisikiliza, mtoe mtoto kwanza. Kisha kisukume kiti chako kwa kiwiko. Kikianguka, usiseme hukuambiwa. Uliambiwa, na aliyekuambia ulimwita mwenye wivu.