Hyasinta Kapinga na Mteremko wa Mama Kolumba

Tunayemsindikiza leo makaburini Kinondoni, Jumatano tarehe 12 Februari 2025, ni Hyasinta Otmari Kapinga, dada mkubwa wa Beno Kapinga anayewasomea hapa. Watu wa Kariakoo mnamjua kwa jina la Mama Maharage. Beno mnamjua kwa mdomo wake. Leo mdomo wenyewe mzito, mtamvumilia.

Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1963 kijijini Ngumbwe, milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, mtoto wa kwanza wa Mzee Otmari na Mama Kolumba. Ngumbwe ni mteremko mtupu. Chungwa likikuponyoka mlangoni, unaenda kulichukua mtoni. Watu wa kule wanalima mlima huo kwa ngoro, na kwa kuwa wengi hapa ni wa Pwani, Beno atawaeleza, maana hakuna anayeeleza vizuri kama yeye. Mwanaume anafyeka nyasi, anazilaza kwa mistari inayokatana, zinafanya vyumba vyumba. Mwanamke anachimba katikati ya kila chumba na udongo wake anafukia zile nyasi. Panabaki shimo, na tuta pande zote nne. Mvua ikipiga, maji yanatulia shimoni, udongo hauendi popote. Maharage yanakaa juu ya tuta, chini yake nyasi zinaoza zinakuwa mbolea.

Mama Kolumba alimfundisha huku wanachimba. Alimwambia mababu walipanda huko juu wakikimbia vita, wakabanana mlimani, hawakuwa na pa kuhamia udongo ukichoka, ndiyo maana walijifunza kuushika. Baadaye ikaja kahawa, wanaume wakaikimbilia, wanawake wakabaki na mashimo. Bei ya kahawa ilipoanguka, watu wengi walishuka bondeni kufyeka pori jipya. Mama Kolumba hakushuka. Alipokuwa anakufa mwaka 1995 alimwachia Hyasinta mteremko wote, kutoka mgongo wa mlima mpaka mtoni, na neno moja: "Usiuache ukashuka."

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, 1971 mpaka 1977, akamaliza la saba. Beno aliishia la tano na walimu hawakulia. Hyasinta alikuwa wa kwanza darasani karibu kila mwaka. Siku moja mwalimu mgeni alichora ubaoni matuta ya kuzuia maji, akaeleza kwamba kilimo cha wazee ni cha kizamani. Hyasinta akanyoosha kidole: "Mwalimu, hayo ya ubaoni yanafaa kwa mvua ya ubaoni." Alichapwa nne. Jumamosi yake mwalimu alionekana shambani kwa Mama Kolumba, suruali imekunjwa, anauliza maswali.

Aliingia Dar es Salaam mwezi Mei 1984 na magunia mawili ya maharage ya njano. Akapata kibaraza Kariakoo pembeni ya Bi Waridi, mwenye nazi na viungo, na hapo wamekaa pamoja miaka arobaini. Kila mwisho wa Februari Hyasinta alimwachia Bi Waridi meza, anapanda basi, anaenda kuchimba wiki tano.

"Wewe Hyasinta," Bi Waridi alikuwa anamwambia, "wenzio wakienda kwao wananenepa, wewe unarudi kama fito."

"Nisipochimba, shoga yangu, mwakani utanikuta nauza kokoto."

"Uza tu, Bongo kila kitu kina mteja."

Alifunga ndoa tarehe 26 Septemba 1987 na Augustino Kinunda, fundi wa karakana ya reli hapa Gerezani, Mngoni wa bondeni. Mama Kolumba hakumuuliza mkwe kuhusu mshahara. Alimpa panga, akamwambia alaze nyasi. Augustino alilaza vyumba vikubwa kama ukumbi. Mama Kolumba akasimama, akaangalia. "Baba, hapa unataka tupande maharage au tuzike tembo?" Lakini alijifunza. Miaka ishirini na moja alikuwa anaomba likizo yake mwezi wa tatu, yeye analaza, mkewe anachimba. Walijaliwa watoto wawili, Melkiori na binti, Kolumba, aliyepewa jina la bibi yake. Augustino alifariki tarehe 3 Novemba 2009, na kuanzia hapo Hyasinta alifanya kazi ya mwanaume na ya mwanamke, peke yake. Mdogo wake yupo Dar. Mtoto wa kiume yupo Dar. Wote walikuwa na sababu.

Sasa hili lazima lisemwe, maana bila hili wasifu utakuwa wa uongo. Mwaka 2017 Hyasinta alipata mjukuu, akabaki mjini kumlea. Beno akasema, dada tulia, hiyo kazi yako ya wiki tano mimi naimaliza kwa siku mbili. Akaenda na pawatila ya kukodi, trekta dogo la kuongoza kwa mikono. Ile mashine ikikata mlima kwa ubavu inapinduka, kwa hiyo akailimisha kwenda juu na kushuka chini, mistari imenyooka kama barabara. Akapiga picha, akawatumia Gerezani nzima. Kuna watu hapa wanayo hiyo picha.

Mvua ilinyesha siku nne. Udongo wote ukaingia mtoni, na maharage yake, na tope likaziba maji ya kijiji kizima.

Hyasinta alifika siku ya saba. Hakupiga kelele.

"Beno, umelima?"

"Nimelima, dada."

"Wapi?"

Beno akaonyesha kwa mkono.

"Hapana, shusha mkono. Shamba liko kule chini mtoni, linaelekea ziwani."

Akachukua jembe, akaanzia chini kabisa kwenye mawe, shimo moja, la pili. Ilimchukua misimu saba. Mwaka jana kilikuwa kimebaki kipande cha juu tu, kile cha chini ya mgongo wa mlima. Wenyeji wanasema kisiposhikwa hicho, mvua kubwa ikija kinashuka na kubeba vyote vilivyo chini yake.

Mwezi Juni 2024 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Ikafuata figo. Alilazwa mara tatu. Tarehe 25 Januari, Beno na Bi Waridi walikuwa wamekaa pembeni ya kitanda, akauliza, "Mwezi wa tatu nani analaza nyasi?"

Beno akasema, "Tutaangalia, dada."

"Sijauliza mtaangalia nini. Nimeuliza nani."

Beno, ambaye hajawahi kukosa jibu toka azaliwe, aliangalia dirishani. Bi Waridi akasema, "Mjibu dada yako." Beno akainuka, akaenda kufunga dirisha.

Kuhusu kaburi Hyasinta alijibu mwenyewe. Wazee wa nyumbani walitaka arudishwe. Alisema, "Kule pa kulala watu pamejaa, pa kulima ndiyo pamebaki. Nizikeni huku huku. Mkinipeleka mtachimba shimo lisilootesha kitu."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi. Beno alikuwa Kariakoo kwenye meza ya dada yake, anampimia mteja maharage. Simu ikaita, akasikiliza. Akamaliza kupima, akafunga mfuko, akamkabidhi mteja. Mteja akasema asante. Beno akasema karibu tena. Mpaka leo hajui kwa nini alisema hivyo.

Marehemu ameacha watoto wawili, Melkiori na Kolumba, wajukuu watatu, mdogo wake Beno, rafiki yake Bi Waridi, na mteremko mmoja Ngumbwe, umeshikwa wote kasoro kipande cha juu.

Jibu la lile swali ni Beno. Basi linaondoka Jumamosi tarehe mosi Machi, alfajiri. Hajalaza nyasi tangu ana miaka kumi na minne, na atakosea, na Ngumbwe watamcheka, wana haki. Melkiori amesema anaenda naye. Wa kuchimba bado hajapatikana. Kolumba hajawahi kushika jembe, na hajasema ndiyo wala hapana, na leo hakuna anayemuuliza.

Hyasinta Kapinga amechimba zamu yake, na ya mumewe, na ya mdogo wake. Mwezi wa tatu huu asiondoke. Mungu amlaze, apumzike.