Kioo cha Nguzo ya Saba

Baba Paroko, ndugu zetu mliotoka Mlangali na Njombe, viongozi wa ofisi ya halmashauri mliokaa viti vya mbele, mimi ni Konsolata, mtoto wa pili wa marehemu, naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mwisho unamhusu kila atakayekwenda sokoni kesho.

Baba yetu, Fidelis Haule, alizaliwa Mlangali, wilaya ya Ludewa, tarehe 14 Machi 1951, akasoma hapo hadi darasa la saba mwaka 1967, akajifunza useremala misheni, na mwaka 1971 akaajiriwa hapa Makambako kujenga soko letu la zege, lile lenye nguzo kumi na mbili zinazochanua juu kama uyoga na kubeba paa jembamba, na kuta za matundu ya kupitisha upepo, kwani michoro ilichorwa kwa ajili ya joto la pwani, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wakubwa kwamba huku tunavaa makoti.

Juni 1972 mgeni rasmi aliwahisha ziara yake, baba akaamriwa kung'oa miti iliyotegemeza paa siku ya kumi na moja tangu zege limwagwe, badala ya ishirini na nane, kabla halijakomaa, akatii, utepe ukakatwa, na wiki hiyohiyo akaona ufa mwembamba kama unywele juu ya nguzo ya saba.

Tangu hapo aliishi na hofu. Alibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa plasta, maana ufa ukitanuka kioo hukatika, akawa anapanda ngazi kila Ijumaa kukitazama.

Tarehe 8 Novemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, Oktavia, wakajaliwa watoto wanne, na mama akapangiwa meza ya maharage chini ya nguzo hiyohiyo, baba akimsihi, "Mama Timoth, hama hapo," naye akijibu, "Baba Timoth, wateja wanaijua nguzo, hawanijui mimi."

Mwaka 2011 alistaafu usimamizi wa soko, kazi aliyopewa baada ya ujenzi, akabaki na funguo kwa kuwa fomu ya kuzikabidhi haijapatikana mpaka leo.

Ijumaa, tarehe 27 Machi mwaka huu, 2026, alikuta kioo kimekatika, akaandika barua kwa halmashauri, akanyeshewa akiipeleka, akashikwa na nimonia, akalazwa Njombe, na tarehe 9 Aprili jibu likamfikia kitandani, likimtaka aambatanishe picha mbili ndogo, bila kusema ni zake au za ufa. Alifariki Jumanne, tarehe 14, saa nne asubuhi, akiuliza nani atapanda ngazi.

Jana alasiri kaka yangu Timoth alipanda, akabandika kioo kipya. Leo saa moja asubuhi tumekikuta kimekatika vipande viwili, na mama, ambaye hajawahi kuhama, amebeba maharage yake akatoka nje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyabiashara wenzake mama mliochimba kaburi. Soko tumelifunga. Funguo zote mbili zimo mfukoni mwa koti alilovishwa baba, na jeneza limeshapigwa misumari, kwa hiyo atakayetaka kufungua soko kesho aje akate kufuli mwenyewe, mchana, mbele ya watu, kwa jina lake.

Baba, Ijumaa hii kioo tumekitazama sisi. Pumzika kwa amani.