Bi. Lois Wakesho na Wiki ya Tattoo

Kwa miaka thelathini na mmoja, maktaba ya shule yetu hapa Kaloleni, Voi, imekuwa mikononi mwa Bi. Lois Wakesho. Tarehe 30 Aprili anastaafu na kwenda shambani kwake Chala.

Alianza kama karani wa kupiga chapa, akasomea ukutubi wakati wa likizo, na rafu mbili alizozikuta zikawa vyumba viwili. Lakini wengi wetu tutamkumbuka kwa ile wiki ya vurugu mwaka wa 2019.

Mwalimu Odera wa bendi alibandika tangazo kwamba Ijumaa wanabendi wote watafanya tattoo uwanjani. Alimaanisha gwaride la ngoma. Wazazi wakaelewa kwamba watoto watachorwa ngozi! Mama Mwelu alifika kutoka Njukini kumhamisha binti yake, na bodi ikamwita Odera ajieleze mbele ya wazazi ama aache kazi.

Bi. Lois akaingia kikaoni na kamusi kubwa ya Kiingereza. Akasema hayo ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakafanana. La ngozi lilitoka visiwa vya Pasifiki, tatau, likasambazwa na mabaharia. La ngoma asili yake ni Kiholanzi, taptoe, yaani funga bomba la pipa: jioni wapiga ngoma walipita wakiwaamuru wauza pombe wafunge mapipa, askari warudi kambini.

"Kwa hivyo mnawafundisha pombe?" Mama Mwelu akauliza.

Mwenyekiti naye akataka kujua kama Waholanzi walichorwa. Tukachanganyikiwa kuliko mwanzo. Mimi niliyekuwa nikiandika kumbukumbu nilifuta ukurasa mzima.

Bi. Lois akafunga kamusi, akakunja mkono wa blauzi. Begani palikuwa na chale tatu, alizochanjwa na nyanyake alipokuwa mtoto mgonjwa. Hatukuwahi kuziona.

"Ya ngozi ndiyo hii, mama," akasema taratibu. "Ya ngoma haiachi alama. Njoo Ijumaa ujionee."

Alikuja. Mwelu alipiga ngoma kubwa, na mamake akasimama mpaka mwisho, akipiga makofi nje ya mdundo. Odera bado anafundisha.

Madam Lois, baadhi yetu hatujawaelewa wale Waholanzi mpaka leo. Tulichoelewa ni kwamba ulituonyesha ulichokuwa umekificha miaka yote ili mwenzako asipoteze kazi. Asante sana. Chala ikupokee vyema, na mvua ikukute umeshapanda.