Alama Nyekundu za Katindo

Ndugu zangu, na nyinyi mama zangu mliokaa huku mbele, mnivumilie. Mnanijua, mimi si mtu wa kusema. Nimeyaandika haya polepole kwenye karatasi. Nikinyamaza katikati msishtuke, natafuta mstari.

Volkano ilipolipuka, nilikuwa nimemaliza darasa la sita. Lava ilifunika nyumba yetu na gari lililompa papa, baba yangu, kazi ya udereva, na masomo yangu yakaishia hapo. Tulikimbilia mji wa Sake. Tuliporudi mjini tukapanga chumba mtaa wa Mapendo. Mabomba yalikuwa makavu, watu wakachota ziwani, kipindupindu kikaingia mitaani. Nikapata kazi ufukoni: mtu akishachota, natia kloro ya kuua vijidudu katika bidoni yake ya maji kwa sirenge isiyo na sindano. Ilinifaa, maana haikutaka maneno mengi.

Halafu akaja mama mmoja mtafiti. Alitaka kujua ugonjwa umeanzia mtaa gani kabla haujajaza hospitali. Akanipa telefoni. Kila mchotaji namwuliza anakaa wapi, na kama nyumbani kuna anayeharisha. Nikibonyeza, alama nyekundu inatokea kwenye ramani, na dawa zinapelekwa huko. Ndugu zangu, nawaambia, niliipenda ile ramani! Jioni nilikuwa naitazama kama wengine wanavyotazama mpira.

Kisha vita ikaingia mjini. Tulijifungia ndani, lakini kiu ilitutoa. Nilikuwa ufukoni na sirenge yangu wakati watu wenye silaha waliposhuka. Mmoja akaninyang'anya telefoni, akaifungua. Ramani ikawaka.

"Hizi ni pozisyo za nani? Askari gani wako hapa?"

Nikamwonyesha sirenge yangu.

"Na hapa Katindo, kwenye kambi ya askari, mbona nyekundu nyingi hivi? Unamutumia nani habari?"

Katindo, kambini wanamokaa familia za askari, watoto wengi walikuwa wameugua, basi. Lakini ulimi wangu ulikuwa kama umeshonwa. Akanishika shingo, akanisukuma kuelekea barabarani.

Mama mmoja katika mstari akatua bidoni yake. "Shefu, muache huyo mutoto! Njo yeye anatiaka dawa mu mayi yetu. Ukimubeba, weye utashika sirenge?"

Wengine wakacheka kidogo, kwa woga. Yule mtu hakucheka.

"Dawa ama sumu?" Akainua bidoni niliyotoka kuitia kloro, akaifungua, akaipeleka mdomoni.

"Bado!"

Ndugu zangu, hiyo sauti ilikuwa yangu. Ufuko mzima uligeuka kunitazama.

"Unaniamuru?"

"Si mimi, shefu. Ni dawa. Inangoja nusu saa ndipo iue ugonjwa. Ukinywa sasa, utaharisha kama hawa." Nikaonyesha kidole kwenye telefoni. "Hizi nyekundu ni watu wanaoharisha. Hata kule kambini ni watoto."

Akaishusha bidoni. Akakaa juu ya jiwe, telefoni mkononi, bunduki magotini. "Tutangoja. Weye utakunywa wa kwanza."

Tukangoja. Hakuna aliyeondoka katika ule mstari, na hilo sitalisahau. Muda ulipotimia nikanywa. Yule mama akanywa baada yangu, bila kuambiwa. Halafu yule mtu akanitupia telefoni, akanyoosha chupa yake tupu.

"Tia."

Nilipomsimulia mama mtafiti, alikaa chini kabisa. Siku hiyo hiyo akazima ramani zote. Mimi nilidhani kazi imekwisha. Kumbe akaniita: "Keti hapa karibu yangu. Tuijenge upya, weye na miye." Nilimwambia kile nilichokuwa nakitaka pale ufukoni: telefoni isiyobaki na kitu. Sasa ukibonyeza, habari inaenda na kufutika, na ramani iko mbali, kwa wanaotibu. Hiyo ndiyo kazi yangu leo. Nazunguka na watafiti, na ninaulizwa ninavyoona. Bado naandika polepole. Wananingoja.

Nawashukuru wote mliobaki katika mstari ule. Asante kwako, mama uliyekunywa. Uko humu, najua hupendi nikuonyeshe. Asante kwa aliyenipa kiti karibu naye.

Ninachowaachia ni hiki. Chombo cha kuokoa watu kisimwue anayekibeba. Kabla sijampa kijana telefoni, naishika mbele ya macho yake na kumwuliza: "Wakikunyang'anya hii, wataona nini?" Anaifungua, anatafuta, anageuza. Akiniambia, "Hakuna kitu, kaka," ndipo namwachia ashuke ziwani.